Udongo Mkavu Kwenye Nywele

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Chiriku, una masikio mawili na yote umeyafanya ya kutundikia hereni. Nimekwambia asubuhi, nimekwambia jioni, nimekwambia mbele ya mumeo: mvua zikianza, usichimbe. Umeniitikia "ndiyo, Bibi" kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, na alfajiri nimesikia ndoo ikigonga mlango. Umeshaenda. Mimi nimebaki na kalamu.

Basi na niandike. Kila masika mimi huandika siku za mvua na siku za jua, nijue chombo kipi kilikauka vipi kabla ya kuingia motoni. Nilisoma mpaka darasa la tatu na mwandiko wangu ni wa kuku anayeparua, lakini msomaji ni mimi mwenyewe na sijawahi kujilalamikia.

Chiriku ni mjukuu wangu. Nilimpa jina hilo la utani kwa kuwa hanyamazi. Mama yake aliniachia akiwa wa kunyonya, akaenda kutafuta maisha, na kama aliyapata hakurudi kutuonyesha. Nimemlea mimi. Udongo nimemfundisha mimi. Mchana anashona kwenye kiwanda cha sare: mikono ya mashati tu, kutwa, miaka sasa, hajawahi kushona shati zima. Jioni anafinyanga. Anasema huku ndiko anakoona kitu kikianza na kikaisha mbele ya macho yake. Sasa mwenye nyumba ya wageni kule barabara kuu ametaka vyungu vya maua vya kuzungushia ua mzima, vikubwa, kuta nyembamba, viwe tayari kabla mvua hazijaisha. Chiriku ameona mlango wa kutokea kiwandani.

Mimi naona shimo.

Tunachimba kwenye gema, ule ukingo wa kilima uliokatika wima nyuma ya tanuri la matofali lililokufa. Udongo mzuri, ule wa kijivu unaoteleza kama sabuni, umelala chini kama mkanda, na mkanda wenyewe unaingia ndani ya gema. Juu yake kuna udongo mwekundu kimo cha watu wawili. Kuondoa wa juu ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo kila mtu anakata njia ya mkato: anaufuata mkanda. Anaingia. Na anapenda kuingia wakati wa mvua, maana udongo ukilowa unakatika kama kiazi kilichoiva.

Goti langu la kulia halijashuka kule tangu masika yaliyopita.

Tarehe 3

Mvua. Vyombo havikauki. Amerudi.

Tarehe 7

Leo nimeona kitu nisichokipenda.

Kila jioni akirudi kutoka kiwandani namtazama tope limefika wapi. Kwenye vifundo vya miguu, sawa. Kwenye magoti, nanuna. Leo miguu ilikuwa safi, ameiosha kwa ajili ya kazi. Lakini alipovua kitambaa kichwani, udongo ulimwagika mabegani. Udongo mkavu. Unga mwekundu.

Mvua haijakatika tangu juzi. Hakuna kitu kikavu chini ya mbingu hii. Sasa udongo mkavu umetoka wapi kama si kwenye dari, huko ndani ambako mvua haifiki?

Nilisema, "Hiyo nini kichwani?"

"Vumbi la kiwandani, Bibi."

"Kiwanda chenu kinashona sare au kinafyatua matofali?"

Akacheka. Ana kicheko kizuri, mshenzi huyu. Nilimchana nywele mimi mwenyewe, kwa nguvu, akapiga kelele kama mtoto. Nikasingizia kitana kibovu.

Tarehe 8

Mvua. Udongo mkavu kwenye nywele.

Tarehe 11

Tumegombana hadi jirani akaja kuazima chumvi asiyoihitaji.

Nilimwambia achukue udongo wa nje, ule mwekundu, uko wazi, hauhitaji kutambaa kama panya buku. Akaweka chungu chini, akafuta mikono polepole. Chiriku akinyamaza ujue kuna jambo.

"Bibi, nani alinifundisha kwamba udongo wa nje ni takataka?"

Nikajitia kutafuta fimbo.

"Nani alivunja vyungu vyangu kumi na kitu mbele ya wageni, akisema vimefinyangwa kwa matope ya bata?"

"Vilikuwa vibaya."

"Vilikuwa vya udongo wa nje."

"Vilikuwa vibaya pia."

Mumewe alikuwa kwenye kona na simu ya mtu imefumuliwa mapajani. Huyo ni fundi simu, na mimi namwita Gunia, maana ukimweka mahali ndipo utakapomkuta. Nikamgeukia. "Na wewe, mume wangu, huna la kusema? Mkeo mwenzangu anajizika kila asubuhi."

"Bibi mke wangu," akasema bila kuinua macho, "mkigombana nyie wawili, mimi nani nitie mdomo?"

Nilimtamkia maneno ambayo sitayaandika, karatasi itaungua.

Tarehe 14

Nimeshuka.

Nilisubiri aende kazini, nikachukua fimbo, nikashuka mdogo mdogo, nikikaa kila penye jiwe. Nilijiambia nakwenda kuona tu. Mtu mzima hatetemeki kwa kwenda kuona.

Shimo halikuwa lile nililoliacha. Mimi nilikuwa naingiza mkono na kichwa, mguu unabaki nje. Sasa ni mlango. Mtu anaingia akiwa amejikunja, halafu huko ndani linapanuka, anakaa kitako. Nilichungulia. Giza, na harufu ile ya udongo mbichi ambayo maisha yangu yote nimeipenda, na leo nikaizibia pua. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya gema, yanaingia kwenye ufa. Ufa wenyewe ungemeza mkono wangu hadi kiwiko. Sikuuingiza. Nilisimama pale nikasikia kitu kidogo kinadondoka huko ndani. Kimya. Kingine kikadondoka. Kama mtu anayetema mbegu.

Sikuingia. Sikuita, maana hapakuwa na wa kumwita. Nilipanda kilima bila kuhisi goti, na nilipofika nyumbani nilikuta sandarusi ya kufunikia vyombo nimeikumbatia kifuani, sijui niliichukua wapi.

Jioni nilimwambia Gunia yote. Akasema, "Nimeona, Bibi."

"Umeona! Na ukafanya nini?"

Akajikuna shingo.

Tarehe 15

Mbao za kuanikia vyombo zimepungua. Nne hazipo. Ile yenye alama ya kuungua haipo. Nimemuuliza Gunia, amesema labda wezi. Wezi gani wanaacha redio wanachukua mbao? Ameziuza, huyu. Mke anajizika, mume anauza nyumba.

Tarehe 18

Nimepata ujanja, na sioni aibu.

Taabu yangu ni hii: Chiriku anatoka alfajiri, anachimba, anaficha karai kwenye tanuri bovu, anaosha miguu bombani na kwenda kazini moja kwa moja. Kwa hiyo tangu ndoo igonge mlango mpaka jioni mimi sijui kama nina mjukuu au sina. Natwanga, nafagia, nakanda udongo, na kila mtu akipita nje namsikiliza miguu, kama anakimbia.

Basi usiku namfichia bakuli la chakula cha mchana. Asubuhi anaondoka bila hilo. King'ora cha kiwanda cha kuingia kazini kikilia, ndipo nami nakokota goti mpaka getini, eti namletea alichosahau.

Mlinzi ni mzee mwenye meno machache na maneno mengi. "Bibi, mjukuu amesahau tena?"

"Kichwa chake kimejaa nyuzi."

"Ameingia. Nimemwona, amechelewa kidogo, Bwana Saa amemnunia."

Bwana Saa ni msimamizi wao. Anatazama saa yake kama watu wengine wanavyomtazama mtoto mgonjwa. Ukichelewa kidogo anakukata mshahara. Ukienda chooni anahesabu. Nimemchukia tangu Chiriku aanze kazi pale na nitaendelea.

Ameingia. Nilirudi nikalala mchana kweupe, nikalala kama gogo.

Tarehe 19

Mvua. Ameingia.

Tarehe 20

Mvua. Ameingia. Mlinzi anauliza kama nimempenda.

Tarehe 21

Mvua kubwa, imeng'oa bati la choo. Ameingia.

Tarehe 22

Mbao nyingine mbili hazipo. Ameingia.

Tarehe 27

Jua! Tumechoma.

Vyungu tulivipasha moto taratibu kwanza, tukavipanga midomo chini, tukavifunika kuni na magome mpaka vikapotea. Chiriku aliomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaja baada ya kazi akikimbia na nyuzi zimemganda sketini. Tulikaa upande usio na moshi. Hapo ndipo mtu husikiliza: kikipasuka kimoja utasikia pa!, kama mtu aliyezabwa kofi. Tulisikia pa! moja. Moja tu, kwa vyungu vyote vile.

Tulipovifukua vilikuwa vyembamba, vimenyooka, na ukivigonga kwa ukucha vinalia. Mimi katika umri wangu wote sijafinyanga ukuta mwembamba namna ile ukasimama. Sikumwambia. Nilisema, "Hiki mdomo umekaa upande." Akakigeuza akakitazama, na kweli ulikuwa umekaa upande, kidogo sana, akacheka.

"Bado nusu, Bibi. Nikimaliza hivi, nikimaliza tu, simshonei mtu mkono wa shati tena."

"Uchimbe nje."

"Nusu tu, Bibi."

Jua linaniogopesha kuliko mvua. Udongo uliolowa unashikana. Ukianza kukauka ndio unaachana.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Kalamu haikai. Nitaandika kidogo kidogo.

Ilikuwa tarehe 30. Mvua ilinyesha usiku, alfajiri ikakatika, jua likatoka kali. Ndoo iligonga mlango. King'ora kililia. Nilichukua bakuli nikaenda.

Mlinzi hakutania. Akasema, "Leo hajaingia, Bibi. Labda anaumwa?"

Nasema kweli, sikulia wala sikupiga kelele. Bakuli lilikuwa mkononi na baadaye halikuwa mkononi. Nilipita geti, mlinzi akinishika nguo, nikaingia ndani kwenye mashine zao. Kelele ile! Wanawake safu kwa safu, vichwa chini. Kiti kimoja kitupu, na mikono ya mashati imerundikana juu ya mashine yake.

Bwana Saa akanijia. "Mama, huku haruhusiwi mtu."

"Mjukuu wangu yuko chini ya udongo."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Najua."

Akatazama saa. Nikajua nitampiga. Nilikuwa nimeshainua fimbo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Gema la tanuri?" Kisha akaenda ukutani akashusha swichi kubwa, mashine zote zikafa kwa pamoja, na kwenye ule ukimya akasema, "Nyote, twendeni. Bebeni chochote cha kuzolea."

Walitoka mbio na mabeseni ya vifungo, vifuniko vya mashine, sahani za chakula. Yeye alikuwa mbele na viatu vyake vya kung'aa. Mimi nilibebwa juu juu na wasichana wawili ambao mpaka leo siwajui majina, miguu yangu inagusa chini mara moja moja.

Tulipofika hapakuwa na shimo. Hilo ndilo linalonirudia nikifumba macho. Mlango haukuwepo. Gema lilikuwa limekaa chini kama mtu aliyechoka, na juu yake jeraha jipya, jekundu, linatoa mvuke juani. Kila kitu kilitulia, kizuri, kama kimekuwa hivyo siku zote. Kandambili zake zilikuwa pembeni, zimepangwa.

Wasichana walianza kuchimba kila mahali kwa pamoja, wengine wanalia. Hapo nikamwona Gunia, aliyeitwa na mlinzi, anateremka mtaro, suruali imechanika, ana waya za simu bado zimemning'inia mfukoni. Sijawahi kumwona akikimbia. Akapiga ukelele, na mimi sikujua kama ana sauti: "Siyo hapo! Hapa! Ubao wa mwisho uko hapa! Na msitumie jembe, litamkata!"

Ubao. Nilisimama nimeduwaa. Ndipo nikaelewa mbao zangu zilikwenda wapi. Yule mjinga alikuwa anashuka kila jioni, peke yake, anasimamisha nguzo ndani ya shimo la mkewe.

Walichimba kwa mikono. Bwana Saa hakuchimba, alisimama akiutazama ufa uliobaki juu, jicho halipepesi, na kila udongo ulipotikisika alisema "Nyuma!" wote wanaruka nyuma, kisha "Endeleeni!" Mara ngapi sijui. Baadaye akasema, "Kimya," wakanyamaza, hata waliokuwa wanalia wakameza.

Hakuna. Nzi tu.

Mimi nilipiga magoti, goti lile lile, nikaweka mdomo kwenye udongo. Nikaita. Sikuita Chiriku. Niliita jina lake lenyewe, lile nililompa alipoletwa kwangu. Na hakuna. Niliwaza: nimemlea ili ardhi immeze. Kucha zangu zimejaa udongo wa kijivu, mzuri, laini, ule ule.

Gunia akafika kwenye ncha ya ubao. Ule wenye alama ya kuungua. Ulikuwa umelala mshazari, umevunjika lakini haujaachana, na chini yake kulikuwa na giza dogo, nafasi ya kichwa cha mtu. Kutoka humo sauti ikaja, hafifu, imejaa vumbi:

"Msimwambie Bibi."

Nikasema, "Bibi yuko hapa, mpumbavu mkubwa wewe."

Wakacheka. Watu wazima, wamejaa udongo hadi kwenye kope, walicheka huku machozi yakiwatoka. Mimi sikucheka. Mguu wake ulikuwa bado chini, na ufa ulikuwa bado juu, na walipomtoa alipiga kelele ambayo nimeisikia kila siku tangu hapo nikitia maji kwenye sufuria.

Tarehe 5

Mguu umevunjika mahali pawili, na mbavu. Daktari anasema atatembea. Hakusema lini.

Amelala, anapumua kwa vipande. Nilimsafisha nywele kwa kitambaa na maji, beseni zima likawa jekundu. Nikamwaga, nikaanza tena.

Nilimbana Gunia kwenye baraza la hospitali. "Ulijua. Ukaona heri kuweka nguzo za mbao kuliko kumkataza."

"Ningemkataza kwa maneno gani ambayo wewe ulikuwa hujayamaliza, Bibi?"

"Ungemfungia mlango!"

"Nilimfungia. Alitoka dirishani."

Yeye hakuniringia. Alikuwa ananyoosha waya kwa vidole, vidole vyenyewe vimechubuka, havina ngozi. Nikampa mafuta yangu ya goti. Nikasema jina la Gunia si baya sana, gunia lililojaa huzuia mafuriko. Akasema, "Asante, mke wangu." Mjinga.

Tarehe 9

Bwana Saa amekuja wodini. Hakukaa. Amesema wenye kiwanda wamemuuliza nani aliwaruhusu kuzima mashine, amewajibu ni yeye. Kuhusu kazi ya Chiriku hawezi kuahidi. Mimi nilimwambia viatu vyake vinahitaji dawa. Akavitazama. Akasema, "Ni kweli." Mtu wa ajabu. Bado simpendi, lakini nikimwona barabarani nitasalimia mimi kwanza.

Tarehe 13

Mvua kidogo. Chiriku ameongea sentensi nzima bila kushika mbavu. Sentensi yenyewe: "Bibi, vyungu vilivyobaki je?"

Nilitoka nje, nikauambia ukuta yote niliyotaka kumwambia yeye.

Tarehe 16

Jua.

Nimeshuka tena, maana nilitaka kuhakikisha kuwa hofu yangu imekwisha. Haijaisha. Imepata mtu mwingine.

Anguko limefungua ukuta mpya. Mkanda wa kijivu uko wazi, mnene kuliko tulivyowahi kuuona, na juu yake ulimi wa udongo mwekundu umening'inia, chini yake hakuna kitu. Na chini ya ulimi huo kuna ndoo. Ndoo za watu! Siku kumi na kitu tu zimepita, na alama za vidole vya wale wasichana bado ziko kwenye udongo. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa amejikunja humo, anakwangua kwa sahani.

Nilimwita. Akaniitikia bila kugeuka, "Naja, Bibi, karai moja tu."

Sauti ile ile. Ya kumbembeleza mgonjwa.

Nilimrushia mabonge ya udongo mpaka akatoka. Amenitukana, nami nimemtukana, na watoto wake wakipenda watanishukuru. Lakini kesho atarudi nami sitakuwepo, goti halinipeleki kila siku.

Na nilipofika nyumbani nimemkuta Gunia ananoa jembe. Nimemuuliza kwa ajili gani. Amejikuna shingo. Amemwahidi mkewe kumalizia udongo wa vyungu. "Karai chache tu, Bibi. Nitaweka nguzo."

Kisha nikakaa chini nikaandika haya, na sasa nakuita usome kwa sauti, mume wangu, ili usiseme hukusikia:

Kesho kabla ya king'ora chukua sululu na mtaimbo. Mwite mlinzi, mwite na Bwana Saa akitaka kusimama na kutazama, hilo analiweza. Msiende chini. Pandeni juu ya gema, mbali na ufa, mjifunge kamba kwenye nguzo ya tanuri. Mimi nitakaa chini njiani na fimbo, asipite mtu, awe mwenye ndoo au mwenye cheo. Lishusheni lile lote. Ulimi, ufa, ukuta, lote, mpaka liwe mteremko ambao mtoto anaweza kuupanda. Mkanda ukifukiwa, na ufukiwe. Vyungu vilivyobaki nitavifinyanga mimi, kwa udongo mwekundu, nimeutia vigae vilivyotwangwa ili ushikane motoni, na kuta zitakuwa nene, na mwenye nyumba ya wageni atazipokea nene au apande maua yake kwenye ndoo.

Weka hilo jembe. Lete kinu na vigae vya kile chungu kilichopasuka, uanze kutwanga sasa hivi.